Kipya Kinyemi, Lakini Gari Kuukuu Lataka Akili

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja huvutana kama mafahali wawili katika zizi moja. Ya kwanza yasema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye gari kuukuu ambaye shokomzoba zake zimechoka hujikuta amesimama katikati ya methali hizo, asijue aitii ipi. Je, aende dukani akanunue shokomzoba mpya, au ampelekee fundi zile za zamani azifungue, azitengeneze upya na kuzirudisha mahali pake?

Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni jambo dogo, la kuachiwa makanika na wenye mikono yenye grisi, wala halistahili nafasi katika ukurasa wa maoni. Dhana hiyo ni potovu. Hapa Kosele, katika eneo la Rachuonyo, Kaunti ya Homa Bay, uamuzi huo hufanywa chini ya mwembe, bila kitabu wala kipimo, na matokeo yake hubebwa na watu ambao hawakuulizwa. Nao wanafunzi wetu, ambao kesho ndio watakaokuwa mafundi na wenye magari, hupita hapo wakielekea shuleni, wakatazama, wasifunzwe lolote.

Ni vyema tukumbuke kwamba neno "gari la kale" halina maana moja kila mahali. Katika nchi za Ulaya, gari la kale hufunikwa turubai wiki nzima, likatolewa siku ya Jumapili jua linapowaka, lipigwe picha na kusifiwa. Kwetu sisi, Peugeot 504 ya abiria na mizigo, au "Pijo" kama tuliyozoea kuiita, huamshwa Jumatatu alfajiri ikabeba magunia ya viazi vitamu kutoka Kabondo hadi soko la Oyugis. Jioni huwachukua walimu waliotoka mkutanoni. Usiku wa manane humkimbiza mama mjamzito hospitalini. Na Jumamosi huenda ikabeba jeneza. Gari hilo lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na Wafaransa wenyewe wakaacha kuunda lile la saluni mwaka 1983, ilhali hapa Kenya liliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baadaye. Ni la kale kwa umri, lakini kwa kazi bado ni kijana. Kwa hiyo, swali la shokomzoba zake ni swali la usalama kabla ya kuwa swali la mapenzi ya vitu vya kale.

Kabla ya kuchagua, sharti tujue tunachochagua. Watu wengi, wakiwemo wasomi, huamini kwamba shokomzoba ndiyo inayobeba uzito wa gari. La hasha! Uzito hubebwa na springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubanwa, ikahifadhi nguvu, kisha ikairudisha. Nayo ikiachwa peke yake, gari litaendelea kudunda juu na chini kama mpira uliodondoshwa sakafuni. Kazi ya shokomzoba ni kuuzima udundaji huo. Ndani ya mrija wake wa chuma mna mafuta, na ndani ya mafuta mna pistoni yenye matundu madogo yanayolindwa na vali nyembamba za bati. Gurudumu linapopanda na kushuka, pistoni huyalazimisha mafuta kupenya katika matundu hayo kwa taabu, na nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu ukigusa shokomzoba ya gari lililotoka safari ya barabara mbovu utaikuta ina moto.

Mafuta yakivuja, au vali zikilika, ule udundaji hauzimwi tena. Tairi huruka kidogo kila linapokutana na shimo, na muda huo mfupi ndio wenye hatari kubwa. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Dereva akikanyaga breki, gari huinamisha pua na kuchukua mwendo mrefu zaidi kusimama. Akikata kona, hulala upande mmoja kama mashua iliyopigwa na wimbi. Na mipira ya magurudumu huanza kulika kwa vishimovishimo badala ya kulika sawasawa. Ajali ikitokea, wapita njia husema kwamba breki zilikataa. Huenda breki zilikuwa nzima kabisa, ila hazikuwa na ardhi ya kushika.

Sasa na tuzitazame hoja za pande zote mbili kwa haki.

Wanaotetea shokomzoba mpya husema kwamba kifaa kipya kina chuma kipya, sili mpya, mafuta safi na vali ambazo hazijalika. Husema pia kwamba kiwanda kina mitambo ya kupima ambayo fundi wa kijijini hana, na kwamba mnunuzi hupewa risiti anayoweza kurudi nayo iwapo kitu kitaharibika. Zaidi ya hayo, shokomzoba nyingi za siku hizi zina gesi ya naitrojeni ndani yake. Gesi hiyo huyakandamiza mafuta yasifanye povu yanapopata joto. Na mafuta yaliyogeuka povu hupenya katika matundu bila taabu yoyote, shokomzoba ikawa kama haipo. Hoja hizi ni za kweli, na hakuna mtu mwenye busara atakayezipinga.

Hata hivyo, hoja hizo zinahusu kifaa kipya kilicho halisi na kilichokusudiwa gari hilo. Kwa gari ambalo kiwanda kiliacha kuliunda zamani, dukani mara nyingi hupatikana kifaa "kinachofanana". Urefu ni karibu ule ule na matundu ya bolti yanaingia, lakini vali za ndani zilipimiwa gari jepesi zaidi au zito zaidi. Mwenye gari huondoka akiwa na furaha ya kipya kinyemi, kumbe amevaa kiatu cha mwenzake. Lililo baya zaidi ni bidhaa bandia. Bunge lilipitisha Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi mwaka 2008, na chombo maalum kikaundwa cha kuitekeleza, lakini sheria iliyo Nairobi haiwezi kusimama mlangoni pa kila duka la spea mashambani. Mnunuzi lazima awe na macho yake mwenyewe.

Wanaotetea kutengeneza upya nao wana yao. Husema kwamba shokomzoba nyingi za zamani ziliundwa ili zifunguliwe. Kwamba chuma chake ni kinene. Kwamba sehemu inayochakaa kwanza ni sili, kipande kidogo cha mpira. Na kwamba si haki kuutupa mwili mzima kwa sababu ya kidole kimoja. Husema pia kwamba pesa anayolipwa fundi wa hapa hubaki hapa, ikanunua unga na kulipa karo, badala ya kupanda meli kwenda ng'ambo. Aidha, gari hubaki na kifaa kile kile lilichopimiwa na waliolibuni. Hoja hizi pia ni za kweli.

Lakini tusidanganyane. Mengi yanayoitwa "kutengeneza upya" katika gereji zetu za jua kali si kutengeneza bali ni kuficha ugonjwa. Mrija hutobolewa tundu, hutiwa mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, kisha tundu huzibwa kwa kuchomelewa na kupakwa rangi nyeusi inayong'aa. Mafuta ya injini si mafuta ya shokomzoba. Ni mazito mno asubuhi yanapokuwa baridi, na uzito wake hubadilika sana yanapopata joto. Matokeo yake ni kwamba gari huwa gumu kama mkokoteni hapo mwanzoni, na baada ya safari ya saa moja likarejea kudunda. Tena yapo mauti ndani ya mchezo huo. Shokomzoba yenye gesi ya mrija mmoja huwa na mgandamizo unaoweza kuzidi ule wa tairi mara kumi na zaidi. Kuitoboa au kuichoma moto bila kujua ni sawa na kuchezea bomu, na kijana anayefanya hivyo pengine hajavaa hata miwani ya kukinga macho.

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kulisema jambo hili kwa uchungu. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu kama mimi, aliniachia Peugeot 504 ambayo alikuwa akiisugua kila Jumamosi kama mtu anayemwogesha mtoto. Shokomzoba za mbele zilipoanza kuvuja, nilijiambia kwamba mtu msomi hanunui viraka. Nikapanda matatu hadi mji mmoja wa mkoa huu, nikaingia katika duka lenye rafu ndefu, nikauziwa jozi mpya ndani ya maboksi yenye picha za kupendeza. Kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurejea nyumbani, sikulisoma boksi. Msimu mmoja wa mvua haukwisha kabla ya ile ya kushoto kulia machozi ya mafuta hadi kwenye tairi. Nilipolitafuta boksi nikaliona jina la kampuni mashuhuri, isipokuwa herufi moja ilikuwa imekosewa. Mimi, ambaye kila siku huwakata wanafunzi alama kwa kukosea herufi moja, nilikuwa nimelipa pesa nyingi kwa kosa la tahajia! Risiti niliyokuwa nayo haikuwa na jina la duka wala muhuri.

Bahati njema ni kwamba zile za zamani sikuzitupa. Zilikuwa chini ya ghala zimefunikwa gunia. Nilizipeleka kwa mzee mmoja fundi ambaye vijana humcheka kwa kuwa na pole nyingi. Nilimwambia, "Jaduong', nifungie upesi, kesho nina safari." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Japuonj, wewe huwasahihishia watoto mtihani kabla hawajauandika?" Nikanyamaza, nikaketi kwenye benchi.

Alizifungua zile za mbele kwa ufunguo aliojitengenezea mwenyewe, kwa kuwa zilikuwa za aina yenye kifuniko cha nyuzi. Aliyamwaga mafuta katika chombo cheupe, akayatazama yalivyokuwa meusi na kama yalikuwa na vumbi la chuma. Akaufuta ule ufito wa chuma unaopanda na kushuka, kisha akapitisha ukucha wake taratibu kutoka juu hadi chini. Akaulaza juu ya kioo na kuuviringisha ili aone kama umepinda. Kisha akasema, "Hizi zina maisha. Nitafutie sili mpya na mafuta yake hasa, nami nitakufungia." Alipofika kwa zile za nyuma, ambazo hazikuwa za asili bali ziliwahi kubadilishwa miaka ya nyuma, aliona kwamba midomo yake imekunjwa kiwandani isifunguliwe, na ufito wa moja ulikuwa na vidonda vya kutu. Akazisukuma kando. "Hizi nikizifunga nitakuwa nimekula pesa zako. Kanunue mpya, lakini safari hii soma boksi." Nilifanya alivyosema. Gari likarudi barabarani likiwa na shokomzoba za mbele zilizotengenezwa upya na za nyuma mpya, na hadi leo halijanitia aibu.

Sikupewa siku ile jibu la "mpya" wala la "kuukuu". Nilipewa njia ya kuamua, na njia hiyo ndiyo ninayotaka kuwagawia wasomaji. Nayo ina maswali matatu.

Swali la kwanza: je, kifaa hiki kiliundwa ili kifunguliwe? Kama kina kifuniko cha nyuzi, kinaweza kufunguliwa, kusafishwa, kutiwa sili mpya na kufungwa bila kujeruhiwa. Kama mdomo wake umekunjwa, na hasa kama kina gesi, basi katika gereji zetu jibu ni moja tu: nunua kipya. Yapo magari ya zamani zaidi, mfano Morris Minor iliyoundwa Uingereza kuanzia mwaka 1948, ambayo shokomzoba zake hazina umbo la mrija bali ni za mkono wa wenzo, na kwa zile za mbele, mkono huo wenyewe huwa ndio kiungo cha juu kinachoshika gurudumu. Hizo mtu hana budi kuzitengeneza upya, au kubadilishana na zilizotengenezwa, kwani kubuni njia ya kufunga za aina nyingine ni kulibadilisha gari zima.

Swali la pili: je, ufito na mrija vi wazima? Hapa ndipo ukucha wa mzee unapokuwa na thamani kuliko maneno mia. Ufito ukiwa laini na umenyooka, sili mpya itadumu. Ukiwa na kidonda kimoja tu cha kutu, kila utakapopanda na kushuka utaikwaruza sili kama msumeno, na mafuta yatavuja tena baada ya wiki chache. Kuna karakana katika miji mikubwa zinazoweza kukereza ufito na kuupaka kromu upya, lakini kwa gari la kawaida gharama hiyo mara nyingi hupita bei ya kifaa kipya.

Swali la tatu: je, ni nani atakayesimama nyuma ya kazi hii? Fundi aaminike kwa kile anachoweza kukuonyesha, si kwa kile anachokuahidi. Akuonyeshe sili ya zamani na mpya. Akuonyeshe kopo la mafuta na kipimo alichotumia, kwani kila shokomzoba ina kiasi chake, na mafuta yakizidi huweza kuipasua sili. Ashike shokomzoba wima mbele yako, aivute na kuisukuma mara kadhaa, nawe usikie ukinzani ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mahali palipo tupu. Vivyo hivyo mwenye duka: akuandikie risiti yenye jina, tarehe na namba ya kifaa. Yeyote anayekataa kufanya hivyo amekwisha kukujibu.

Kuna kanuni moja iliyo juu ya maswali yote matatu, nayo ni kwamba shokomzoba za ekseli moja hubadilishwa au kutengenezwa zote mbili kwa pamoja. Anayeweka mpya kushoto na kuacha iliyochoka kulia huwa ametengeneza gari linalochechemea, na gari linalochechemea huvuta upande mmoja hasa pale dereva anapohitaji lisimame sawasawa.

Baadhi ya wasomaji watauliza: na pesa je? Walimu wenzangu wa hisabati wanaweza kulichukua swali hili hadi ubaoni. Tuseme, kwa mfano wa ubaoni tu, kwamba kutengeneza jozi upya kwagharimu Sh4,000 nayo ikadumu kilomita 10,000. Jozi mpya ya bei rahisi yagharimu Sh6,000 ikadumu kilomita 8,000. Na jozi mpya iliyo halisi yagharimu Sh12,000 ikadumu kilomita 50,000. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba kila kilomita 1,000 zitamgharimu mwenye gari Sh400 kwa zilizotengenezwa, Sh750 kwa mpya za bei rahisi, na Sh240 kwa mpya halisi. Ile iliyoonekana ghali dukani ndiyo rahisi barabarani, na ile ya katikati, ambayo wengi huikimbilia, ndiyo ghali kuliko zote. Lakini hesabu haijaisha. Tuseme ufito ulikuwa mzima na fundi alikuwa makini, zile zilizotengenezwa zikadumu kilomita 20,000. Gharama yake huteremka hadi Sh200, zikazishinda hata zile mpya halisi. Yaani jibu la hesabu hutegemea ukaguzi, wala si bei. Asiyekagua huweza kugawanya vizuri na bado akakosa.

Wapo watakaosema kwamba kifaa kilichokwisha kutumika hakiwezi kamwe kuaminiwa katika barabara zetu. Hao na waikumbuke historia ya nchi yao wenyewe. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa kati ya mitihani migumu kuliko yote ulimwenguni kwa springi na shokomzoba. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na katika miaka yote hiyo miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404, ndugu mkubwa wa 504. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na nduguye Jaswant wakiendesha Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano kabla ya hapo. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na alilijua gari lake hadi kwenye bolti. Waliomtazama akipita waliona kasi, bali ushindi wake ulikuwa umeanza gereji. Hata leo, katika mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003, magari yenye umri wa babu hupambana na vumbi la Afrika Mashariki kwa sababu kuna watu wanaoyafungua, kuyakagua na kuyafunga kwa nidhamu.

Nidhamu hiyo hufunzwa, wala mtu hazaliwi nayo, na hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Nchi hii imelizungumzia suala la ufundi tangu zamani. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana watafanya nini baada ya shule, na vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kuchipuka. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliahidi kumpa kila mtoto ujuzi wa mikono, lakini mengi ya masomo hayo yaliondolewa au kupunguzwa mitaala ilipopitiwa mwaka 2002. Mtaala wa umilisi uliosambazwa nchini kote mwaka 2019 umerudisha ahadi ile ile kwa jina jingine. Ahadi ni njema. Lakini ukipita katika gereji ya mashambani utamkuta kijana aliyepita mtihani wa fizikia akitia mafuta machafu ndani ya shokomzoba, naye hajui kwamba kile alichokiandika katika karatasi juu ya nishati, joto na mgandamizo wa gesi ndicho kilichomo mkononi mwake. Somo na kazi vimekuwa kama majirani wasiosalimiana.

Si lazima tungoje karakana ya mamilioni ndipo tuwapatanishe. Mwalimu wa fizikia anaweza kuiomba gereji ya jirani shokomzoba moja ya zamani iliyo ya kufunguka, isiyo na gesi, akaifungua mbele ya darasa. Wanafunzi wataiona pistoni, watayahesabu matundu, wataupima ufito, na wataelewa katika kipindi kimoja kile ambacho ubao haukuweza kukieleza muhula mzima. Mwalimu wa hisabati achukue hesabu niliyoitaja. Mwalimu wa Kiswahili awaambie wanafunzi waandike risiti na maelezo ya kazi kwa lugha sanifu, kwa kuwa fundi asiyeweza kuandika alichokifanya hawezi kuwajibishwa, na mteja asiyeweza kusoma boksi atauziwa herufi iliyokosewa, kama nilivyouziwa mimi.

Serikali za kaunti nazo, ambazo zimekabidhiwa vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya Katiba ya 2010, zisihesabu majengo peke yake. Ziwapeleke mafundi wazee vyuoni wakafundishe ukucha wao unavyosoma chuma, na ziwasaidie mafundi vijana wafanye mitihani ya ufundi inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ambayo humpa cheti hata yule aliyejifunza kazini. Fundi mwenye cheti ana kitu cha kupoteza akiharibu, na mtu mwenye kitu cha kupoteza hutazama mara mbili kabla ya kufunga bolti.

Turudi, basi, kwenye methali zetu. Methali zote mbili ni za kweli, ila hakuna hata moja iliyotuambia tuache kutazama. Kipya kinyemi, lakini kisomwe boksi. Mbacha usiachwe, lakini ukunjuliwe kwanza tuone kama haujaliwa na mchwa. Mwenye kununua anunue kwa macho, na mwenye kutengeneza atengeneze kwa kipimo. Na pale ambapo ufito una kidonda, asimwombe fundi amfichie.

Jioni hii, magari ya kale yatakuwa yakiteremka kuelekea Kosele yakiwa yamejaa watu na viazi. Ndani ya mojawapo atakuwamo mwanafunzi aliyechelewa shuleni, daftari mapajani, ambaye hakuulizwa kama shokomzoba ni mpya au ni za kutengenezwa. Sisi tulioulizwa tusijibu kwa kubahatisha.